Je, Wajua? Lugha ya Kisiwa Iliyoizunguka Dunia

Kiingereza tunakikuta kwenye kijikaratasi cha dawa, kwenye simu, kwenye jezi ya mchezaji tunayemshangilia Jumamosi. Tumekizoea kiasi cha kudhani kilizaliwa kikiwa kikubwa. La hasha! Safari yake imejaa bahati, meli zilizopotea njia, vita, na watu wa kawaida waliokitwaa na kukigeuza watakavyo. Hebu tuone.

Wageni wamewazidi wenyeji mara tatu

Kati ya kila watu wanne wanaozungumza Kiingereza duniani leo, watatu hivi hawakuzaliwa nacho. Wanaokadiriwa kukifahamu ni takriban bilioni 1.5, na waliokinyonya pamoja na maziwa ya mama hawafiki milioni 400. Ndiyo maana Mturuki humuuzia Mkorea mashine, na daktari wa Brazili hushauriana na mwenzake wa Misri, kwa Kiingereza, bila Mwingereza hata mmoja kuwapo. Lugha zenye wajifunzaji wengi kuliko wenyewe ni chache. Kiswahili ni mojawapo, kwa hiyo habari hizi zinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1578, ukivuka bahari hakikufaa kitu

John Florio, mwalimu wa lugha aliyezaliwa London kwa baba Mwitaliano, alichapisha mwaka huo kitabu cha kufundishia Kiitaliano kwa njia ya mazungumzo. Ndani yake mhusika mmoja anaulizwa anakionaje Kiingereza, naye anajibu kwamba kinafaa ndani ya Uingereza, lakini ukishaipita bandari ya Dover hakina thamani. Hakuwa na chuki; ndivyo hali ilivyokuwa. Kufikia mwaka 1600 waliokizungumza wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 5 na 7, karibu wote wakiishi katika visiwa vyao. Linganisha na Mkoa wa Dar es Salaam: Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu milioni 5.38.

Hata Isaac Newton, alipotaka wasomi wa Ulaya wasome kitabu chake kuhusu nguvu ya uvutano mwaka 1687, alikiandika kwa Kilatini. Kitabu chake kuhusu mwanga, kilichotoka 1704, ndicho alichokitoa kwa lugha ya kwao.

Sheria ya kukitetea Kiingereza iliandikwa kwa Kifaransa

William wa Normandy aliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne tatu zilizofuata ikulu ilizungumza Kifaransa. Henry IV, aliyetwaa taji mwaka 1399, anahesabiwa kuwa mfalme wa kwanza tangu uvamizi ule ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiingereza. Kabla yake, mwaka 1362, Bunge lilipitisha sheria kwamba kesi mahakamani ziendeshwe kwa Kiingereza, kwa kuwa watu walikuwa wanahukumiwa kwa lugha wasiyoielewa. Sheria hiyo njema ikaandikwa kwa Kifaransa! Wasomaji wa Tanzania watakumbuka mwaka 2021, Bunge lilipopitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kwa sababu ileile ya kumwezesha mwananchi kuifuata kesi yake mwenyewe.

Aliwakaribisha kwa lugha yao, kisha akaomba bia

Machi 1621, walowezi wa Plymouth katika Marekani ya leo walikuwa wamepoteza karibu nusu ya wenzao kwa baridi na maradhi. Siku moja mwenyeji wa nchi ile, Samoset, akaingia kijijini mwao peke yake, bila woga, akawakaribisha kwa Kiingereza. Alikuwa amekiokota kwa wavuvi wa Kiingereza waliokuwa wakifika pwani ya Maine. Kisha akaomba bia.

Siku chache baadaye akamleta mwenzake, Tisquantum, aliyekijua Kiingereza vizuri zaidi, na sababu yake inauma. Mwaka 1614 nahodha mmoja Mwingereza alimteka akampeleka kuuzwa Hispania. Akafanikiwa kufika London, akaishi huko, hatimaye akarudi kwao na kukuta kijiji chake kizima kimefutwa na maradhi. Walowezi walikuwa wamejenga makao yao mahali hapohapo. Bila yeye kuwafundisha kupanda mahindi na kuwatafsiria, huenda Kiingereza cha Plymouth kingezikwa mwaka uleule.

Miaka 16 ya Waingereza, karne tatu na nusu za maneno yao

Nchi ya Suriname, kaskazini mwa Amerika Kusini, ilitawaliwa na Uholanzi kwa muda mrefu, ikapata uhuru mwaka 1975, na lugha yake rasmi ni Kiholanzi. Lakini shuka sokoni Paramaribo, mji mkuu, usikilize watu wanavyopatana bei. Utasikia Sranan Tongo, lugha ambayo maji ni *watra*, moto ni *faya*, na sehemu kubwa ya maneno yake ya msingi ni ya Kiingereza!

Ilikuwaje? Waingereza walianzisha koloni hapo mwaka 1651, wakalima miwa kwa nguvu za Waafrika waliofanywa watumwa. Mwaka 1667 Waholanzi wakaliteka. Katika mkataba wa Breda wa mwaka huohuo pande mbili zikakubaliana kila mmoja abaki na alichokishika: Waholanzi wakabaki na Suriname yenye sukari, Waingereza wakabaki na mji mdogo wa bandari huko kaskazini ambao sasa unaitwa New York. Wakati ule wengi waliamini Waholanzi ndio waliofaidika.

Waingereza wakaondoka, lakini Waafrika walikuwa wameshajitengenezea lugha yao ya kuelewana, wakiwa wametoka mataifa mengi ya Afrika Magharibi na Kongo. Wakawafundisha waliofuata, na hao wakawafundisha wengine. Waliotorokea misituni, kama Wasaramaka na Wandyuka, wakaenda na chipukizi zake na kuzikuza zikawa lugha nyingine kamili. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa kuliko zote katika ukurasa huu. Waliofanya Kiingereza kiishi Suriname ni watu ambao hawakuulizwa kama wanakitaka, na walichokijenga kwa vipande vyake ni chao tangu siku ya kwanza.

Kisiwa kisicho na uwanja wa ndege, lakini kina Kiingereza chake

Tristan da Cunha, katikati ya Bahari ya Atlantiki ya Kusini, kina wakazi 250 hivi, ambao wangeenea kwenye mabasi manne ya mkoani. Majirani zao wa karibu wako Saint Helena, zaidi ya kilomita 2,400 mbali, karibu sawa na kuruka kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg. Hakuna ndege, ni meli kutoka Cape Town, kwa takriban wiki moja baharini. Waingereza waliweka askari hapo mwaka 1816, wachache wakabaki, wakaja mabaharia waliovunjikiwa na vyombo na wanawake kutoka Saint Helena, na mchanganyiko wa lafudhi zao ukazaa matamshi ambayo huyasikii kwingine. Volkano ilipolipuka 1961 wote walihamishiwa Uingereza. Wengi wao walipopewa nafasi ya kuchagua, walirudi kisiwani mwaka 1963.

Waasi tisa na lugha moja mpya

Mabaharia wa meli *Bounty* walimwasi nahodha wao mwaka 1789. Tisa kati yao, pamoja na wanaume na wanawake wa Kitahiti, walijificha kwenye kisiwa cha Pitcairn mwaka 1790 na kuichoma meli. Dunia haikujua waliko hadi 1808, meli ya Marekani ilipotia nanga na kumkuta mwasi mmoja tu aliye hai, akiwa amezungukwa na wanawake na watoto waliozungumza Kiingereza kilichosukwa na Kitahiti. Wazao wao hukizungumza hata leo, Pitcairn na kwenye kisiwa cha Norfolk, ambako walihamia mwaka 1856.

Walihama Marekani kwa hiari, wakaenda nacho Karibi

Mwaka 1824 maelfu ya Wamarekani weusi walioishi huru walipanda meli kuelekea kisiwa cha Hispaniola, kwa mwaliko wa Rais Jean-Pierre Boyer wa Haiti. Waliotua kwenye rasi ya Samaná, ambayo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Dominika, walizungukwa na Kihispania pande zote. Lakini makanisa na majina ya ukoo yakawashika pamoja, na Kiingereza chao kikapita kutoka kizazi hadi kizazi. Wanaisimu wamekwenda kuwarekodi wazee wa Samaná ili kusikia jinsi Wamarekani weusi walivyozungumza karne mbili zilizopita.

India ilikipa miaka 15 kifunge virago

Katiba ya India ya 1950 ilipanga Kihindi kishike nafasi ya Kiingereza serikalini ifikapo 26 Januari 1965. Siku ilipokaribia, maandamano makubwa yalilipuka katika jimbo la Madras, kusini, ambako watu huzungumza Kitamil na waliona Kihindi kitawapendelea watu wa kaskazini. Kiingereza, lugha ya mkoloni, kikabakizwa kwa sababu kilikuwa kigeni kwa wote kwa kiasi kilekile. Huko kaskazini-mashariki jimbo la Nagaland, lenye lugha nyingi zisizoelewana, limekifanya kuwa lugha yake rasmi.

Namibia ilichagua lugha ambayo karibu hakuna aliyeizungumza nyumbani

Mwaka 1990 Namibia ilipopata uhuru, Katiba yake ilitaja lugha rasmi moja tu: Kiingereza. Familia zilizokizungumza nyumbani hazikufika 5 kati ya kila 100, na Waingereza hawakuwa wametawala nchi hiyo isipokuwa kipande kidogo cha Walvis Bay. Kiafrikana ndicho kilichoenea mijini, lakini kilinuka ubaguzi. Viongozi wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru, walikuwa wameishi uhamishoni miaka mingi, wengine wakipitia kambi ya Kongwa mkoani Dodoma, vijana wao wakisoma kwa Kiingereza katika taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Lusaka. Walirudi nacho.

Rwanda nayo, mwaka 2008, iliamua kuhamisha masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mwaka uliofuata ikaingia Jumuiya ya Madola bila kuwahi kutawaliwa na Uingereza. Walimu waliosomeshwa kwa Kifaransa walijikuta wakifundisha hesabu kwa lugha waliyokuwa wakijifunza jioni. Mwaka 2017 ikaongeza Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne.

Idhaa ya London inayotangaza Kipijini

Agosti 2017 BBC ilianzisha huduma ya habari kwa Kipijini cha Afrika Magharibi. Kabla ya hapo mamilioni ya watu wa Nigeria, Ghana na Kamerun walikizungumza sokoni, kambini na kwenye nyimbo, lakini hakikuwa na tahajia moja waliyokubaliana wote, hivyo waandishi walilazimika kuamua wenyewe neno hili liandikwe vipi. Lugha iliyodharauliwa darasani kwa miaka mingi sasa inaeleza bajeti, uchaguzi na magonjwa ya mlipuko.

Angani, neno moja likipinda watu hufa

Ajali mbaya kuliko zote katika historia ya usafiri wa anga ilitokea ardhini, na lugha ilikuwa na mkono wake. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kwenye kisiwa cha Tenerife, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waongozaji hawakuziona ndege. Ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia. Rubani msaidizi wa KLM, Mholanzi, alitamka kwa Kiingereza maneno ambayo yangeweza kumaanisha kwamba wanaanza kuruka au kwamba wapo tu mahali pa kurukia. Mwongozaji, Mhispania, alielewa la pili. Onyo lililofuata lilimezwa na sauti za redio zilizogongana. Walikufa watu 583.

Tangu hapo neno la kuruka limewekewa uzio: halitamkwi redioni mpaka wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta. Lakini mwaka 1996 ndege za Kazakhstan na Saudi Arabia ziligongana angani karibu na Delhi, watu 349 wakafa, na Kiingereza hafifu cha marubani kikatajwa tena. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likaweka mtihani. Kuanzia Machi 2008 rubani na mwongozaji wa safari za kimataifa wanapimwa kwa ngazi sita, na anayeshindwa kufika ya nne haruhusiwi. Wenye Kiingereza cha kuzaliwa nao hupimwa, maana wanaweza kusema haraka mno na kwa misemo ya kwao ambayo rubani wa Addis Ababa au Seoul hajawahi kuisikia.

Na kama unadhani jambo hili halichomi mioyo, kumbuka Kanada. Juni 1976 marubani waligoma kwa zaidi ya wiki moja, nchi ikakwama, kwa sababu ya ubishi kama Kifaransa kiruhusiwe kwenye redio za anga ya Quebec.

Baharini kuna Kiingereza cha kukariri

Mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha orodha ya misemo ya kawaida ya Kiingereza kwa mabaharia, sentensi fupi zisizo na madoido za kutumia wakati wa moto, mgongano au mtu aliyeanguka majini. Nahodha Mfilipino akiingia Mombasa au Rotterdam hutumia misemo ileile.

Kituo cha Anga za Juu: Kiingereza ndani, Kirusi njiani

Lugha ya kazi kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu ni Kiingereza. Lakini chombo cha Soyuz kina vitufe na maelekezo ya Kirusi, na kuanzia katikati ya 2011 hadi Mei 2020 hapakuwa na chombo kingine cha kuwapeleka wanaanga huko. Kwa hiyo Wamarekani, Wajapani na Wazungu wa Ulaya Magharibi walikaa madarasani wakinyambua vitenzi vya Kirusi kabla ya kwenda kuzungumza Kiingereza kilomita 400 juu ya vichwa vyetu.

Kwao hakina cheti

Hakuna sheria inayoitangaza Uingereza kuwa nchi ya Kiingereza. Australia nayo haina. Marekani ilikaa karibu miaka 250 bila lugha rasmi ya taifa, mpaka amri ya rais ya tarehe 1 Machi 2025. Nchi zilizokiandika waziwazi kwenye katiba ni kama Kenya, Uganda na Namibia, yaani zile zilizolazimika kuchagua.

Mwenye nyumba kahama, lugha imebaki

Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Wanachama wawili wanaokitumia Kiingereza kama lugha rasmi nyumbani ni Ireland na Malta, lakini Ireland iliandikisha Kiayalandi kule Brussels na Malta ikaandikisha Kimalta. Kwa hiyo Kiingereza ni lugha rasmi ya Umoja huo bila mwanachama yeyote aliyekiandikisha kuwa chake! Na hakijatikisika, kwani ndicho Mfini na Mreno wanachoelewana.

Kuna kisa kikubwa zaidi. Jumuiya ya biashara huria ya EFTA ina wanachama wanne: Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein. Uingereza ilitoka tangu mwanzo wa 1973. Makao makuu yapo Geneva, mji unaozungumza Kifaransa. Lugha yao ya kazi? Kiingereza.

Sayansi ilikuwa na lugha tatu

Kabla ya 1914 mkemia au daktari aliyetaka kuheshimiwa ilimbidi asome Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na katika nyanja kadhaa Kijerumani ndicho kilichotangulia. Kisha vita. Wanasayansi wa Ujerumani wakafungiwa milango ya mikutano ya kimataifa, na Marekani ikashikwa na hofu ya kila kitu cha Kijerumani. Jimbo la Nebraska lilipiga marufuku mwaka 1919 kuwafundisha watoto wadogo lugha za kigeni. Mwalimu Robert Meyer alitozwa faini ya dola 25 kwa kumsomesha mtoto kwa Kijerumani, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoitengua sheria hiyo mwaka 1923. Kikaja kizazi cha wasomi wa Kimarekani wasiojua lugha nyingine. Wanazi walipowafukuza wataalamu wa Kiyahudi mwaka 1933, akina Albert Einstein wakahamia Marekani hiyohiyo. Leo zaidi ya makala 90 kati ya 100 za sayansi asilia huchapishwa kwa Kiingereza.

Shindano ambalo kwa Kiswahili lingeisha dakika tano

Marekani ina mashindano ya taifa ya tahajia tangu 1925: mtoto husimama jukwaani, hutajiwa neno, naye hulitaja herufi kwa herufi. Mwaka 1998 bingwa alikuwa binti wa miaka 12 kutoka Jamaika, wa kwanza kutoka nje ya Marekani. Mwaka 2019 waandaaji waliishiwa maneno magumu na kuwatangaza mabingwa wanane kwa mpigo!

Sisi tunaoandika kama tunavyotamka tunashangaa. Chanzo ni wakati. William Caxton alileta mashine ya kupigia chapa Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda, huku matamshi yakiendelea kubadilika kwa karne nyingine mbili. Mwandishi George Bernard Shaw aliumia sana na jambo hili. Alipofariki mwaka 1950 aliacha wosia wa fedha za kutengeneza alfabeti mpya kabisa. Ilitengenezwa, tamthilia yake moja ikachapishwa nayo mwaka 1962, na watu wakaendelea kuandika kama zamani.

Mfungwa aliyeisaidia kamusi kuu

Mmoja wa wachangiaji wakubwa wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford alikuwa muuaji aliyefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. William Minor, daktari wa zamani wa jeshi la Marekani, alimpiga risasi mtu asiye na hatia London mwaka 1872, akiandamwa na maono ya watu wanaomfuata. Kule hospitalini, Broadmoor, alijaza chumba chake vitabu, na kwa takriban miaka 20 akamtumia mhariri James Murray maelfu ya vijikaratasi vyenye mifano ya matumizi ya maneno.

Hakuwa peke yake. Kamusi ile ilijengwa na wasomaji wa kujitolea, wakiwamo walimu, mapadri na akina mama wa nyumbani, waliotuma vijikaratasi kwa mamilioni. Murray alikabidhiwa kazi mwaka 1879 akitarajia miaka kumi. Baada ya mitano sehemu ya kwanza ilitoka, nayo haikuimaliza hata herufi A. Alifariki 1915. Kazi ilikamilika 1928, ikiwa na maneno zaidi ya 400,000. Ningetamani Kiswahili kiwe na jeshi kama hilo, kutoka Lamu hadi Lubumbashi, kila mtu akituma maneno ya kwao.

Habari kwa maneno 1,500

Tarehe 19 Oktoba 1959 redio ya Sauti ya Amerika ilianza matangazo ya Kiingereza chepesi: msamiati wa maneno 1,500 hivi, sentensi fupi, na mwendo wa theluthi mbili ya kasi ya kawaida. Wasikilizaji waliojifunzia lugha kwenye redio za betri, wakiwa mbali na shule, walienea kuanzia China hadi Afrika.

Rais aliyemtafsiri Shakespeare

Juni 1962 Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Walikuwapo Chinua Achebe na Wole Soyinka. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwanafunzi chuoni hapo, alialikwa kwa hadithi fupi chache alizokuwa amechapisha. Shaaban Robert, aliyekuwa na mashairi, insha na riwaya tele, hakuwa na nafasi, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Alifariki mwezi huohuo. Ngũgĩ aliikumbusha dunia jambo hili katika kitabu chake cha 1986, akiwa tayari amehamia kuandika riwaya kwa Kikuyu.

Julius Nyerere alipita njia nyingine. Akiwa ameshika madaraka ya nchi, alikaa na Shakespeare na kumleta kwetu: tafsiri ya *Julius Caesar* ilitoka 1963, na *Mabepari wa Venisi* 1969. Kisha mwaka 2012 ukumbi wa Globe, London, uliandaa tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Waigizaji kutoka Kenya walipanda jukwaani na *Wanawake wa Heri wa Winsa*, mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili.